UZI: Jipu linataka kisu, selulaitisi inataka dawa, na kuna maumivu yasiyosubiri asubuhi

#1 Bandeji

Wakuu, salaam.

Mimi ni muuguzi, huu ni mwaka wa kumi na moja nipo chumba cha vidonda. Kazi yangu ni kufunga, kufungua, kusafisha na kubishana. Kubishana ndiko kwingi. Mtu anakuja na jipu la ukubwa wa yai, ameshameza dozi tatu za antibaiotiki tofauti na anataka ya nne. Nikimwambia jipu hilo halitaki kidonge, linataka kupasuliwa, ananitazama kama nimemtukania mama yake.

Basi leo nafungua uzi tuongee maambukizi ya bakteria kwenye ngozi na nyama iliyo chini yake. Sichukui nafasi ya daktari wako. Nataka tu ujue lini umwendee mbio na lini unaweza kumwendea kwa mwendo wa kawaida.

Swali la kwanza kabisa, hata kabla ya jina la ugonjwa: KUNA USAHA AU HAKUNA?

Wahusika wakubwa ni wawili. Stafilokokasi ni mjenzi wa kambi. Akiingia kwenye shina la nywele au kwenye mkwaruzo, mwili unamzungushia ukuta, humo ndani chembe nyeupe za damu zinapigana naye na kufa, na huo mchanganyiko ndio usaha. Streptokokasi ni mtambaaji. Ana vimeng'enya vinavyolegeza nyama, anapita katikati yake kama maji kwenye mchanga, mara nyingi bila kuacha usaha wowote.

Sasa fikiria kidonge ulichomeza. Dawa inasafiri kwa damu. Ndani ya jipu hakuna mishipa ya damu, kuna uji wa chembe zilizokufa. Dawa inafika ukutani inabisha hodi, inayoingia ni kidogo, na hicho kidogo nacho hakifanyi kazi vizuri humo. Ndiyo maana unameza wiki mbili na jipu liko pale pale, linakucheka. Ukilifungua likamwagika, mgonjwa anapumua saa hiyo hiyo.

Selulaitisi ni kinyume chake. Bakteria wametawanyika ndani ya nyama hai yenye damu tele, hakuna cha kupasua, na dawa inawafikia popote walipo. Hapo kidonge ndiyo tiba, na ukichelewa unaumia.

Selulaitisi ya kawaida ni hivi: mguu mmoja (nimesema MMOJA), umevimba, una joto, unauma ukiguswa, na eneo linapanuka ndani ya saa na siku. Mitoki inaweza kuvimba kwenye kinena. Homa inaweza kuwepo au isiwepo. Ikiwa juu juu zaidi, ukingo wake umeinuka na unaonekana wazi kama mpaka wa ramani, hiyo inaitwa erisipela. Mlango mara nyingi ni kitu cha kipuuzi: fangasi katikati ya vidole, magaga yaliyopasuka, ukurutu uliokunwa usiku.

Jambo moja linanikera kwenye vitabu. Vyote vinasema "wekundu", na picha nyingi ni za ngozi nyeupe. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huo unaweza usiuone kabisa. Utaona zambarau, au weusi uliokolea kuliko jirani yake, au ngozi iliyokazwa na kung'aa kama imepakwa mafuta. Nimeona watu wakirudishwa nyumbani kwa sababu "hakuna wekundu" huku mguu unaunguza ukiuwekea mgongo wa kiganja. Basi tumia mkono. Gusa mguu huu, gusa ule, linganisha joto. Bonyeza taratibu uone ugumu unaishia wapi, na hapo maumivu yanapoishia ndipo uchore mstari kwa kalamu ya wino na kuandika saa. Mstari huo ni shahidi asiyesahau.

Kitu cha mwisho, nacho ndicho kilichonifanya niandike. Kama maumivu ni makubwa kuliko kinachoonekana, yaani ngozi inaonekana ya kawaida au ina uvimbe kidogo tu lakini mtu analia, USISUBIRI ASUBUHI. Nitarudi hapo.

Ulizeni.

---

#2 Kitasa

Wa kwanza! Mkuu, asante kwa somo. Sasa kama jipu linataka kufunguliwa, kwa nini nisilitumbue mwenyewe? Sindano ya kushonea nairambishia moto kidogo, kazi imeisha. Nimeshafanya mara mbili na bado nipo hai.

---

#3 Bandeji

Kitasa, wanaokuja kwangu ni wale wa mara ya tatu.

Unapokamua kwa vidole, usaha hauchagui njia ya nje. Ukuta ukipasuka kwa ndani, unasukuma bakteria kwenye nyama safi, na jipu moja linageuka jipu lenye selulaitisi. La usoni ndiyo kabisa usiguse, hasa kuanzia pembe za mdomo hadi juu ya pua. Damu ya eneo hilo inaweza kurudi nyuma ya jicho na kufika kwenye mishipa iliyo chini ya ubongo. Ni nadra, lakini ikitokea ni janga.

Kijipu kidogo kifanyie hivi: kitambaa safi, maji ya moto unayoweza kuyavumilia, bandika dakika kumi hadi kumi na tano, mara tatu nne kwa siku. Kikiiva kitapasuka chenyewe. Funika, nawa mikono, kitambaa hicho asitumie mwingine.

Lililokua kubwa, lililo usoni, kwenye titi, kinenani au karibu na njia ya haja kubwa, la mtoto mchanga, au lililokuja na homa, lilete. Tutakupa ganzi, tutachana, tutavunja vijumba vya ndani na tutasafisha. Tundu dogo halihitaji hata kujazwa gozi (kitambaa chepesi cha vidonda), siku hizi tunafunika tu. Mkiona tunawajaza gozi kama mto wa kulalia kwa kijipu kidogo, ulizeni kwa nini.

---

#4 MkaaPembeni

Hapo ndipo wataalamu mnatuchanganya. Mimi nilipasuliwa kwapani, halafu daktari akaniandikia vidonge vya siku saba. Wewe unasema jipu halitaki kidonge. Nani kati yenu tumwamini?

---

#5 Bandeji

Swali zuri, na nakiri nilikaza kamba mno pale juu.

Zamani jibu lilikuwa "pasua, basi". Halafu zikaja tafiti mbili kubwa Marekani, wagonjwa wote wamepasuliwa, wengine wakapewa dawa, wengine vidonge vitupu visivyo na dawa ndani. Ya 2016 ilitumia kotrimoksazoli: waliopona kwa dawa ni asilimia 80.5, kwa vidonge vitupu asilimia 73.6. Ya 2017 ilihusu majipu madogo: klindamisini 83.1, kotrimoksazoli 81.7, vidonge vitupu 68.9.

Zisome kwa pande zote mbili. Dawa ilisaidia, kweli. Lakini tazama tena: karibu watu saba kati ya kumi walipona kwa KISU PEKE YAKE. Kwa hiyo daktari wako hakukosea. Alipasua kwanza, dawa akaifanya msaidizi. Ninaopigana nao ni wanaompa msaidizi kazi ya bosi.

Na dawa hizo zina madhara, kuharisha kwa klindamisini si mzaha. Kwa hiyo kijipu kidogo, mtu mzima mwenye afya, hana homa, hana wekundu uliosambaa, mnaweza kukubaliana na daktari muache. Mwenye homa, mwenye majipu mengi, mwenye kinga dhaifu au kisukari, mpeni.

---

#6 MamaPacha

Dada Bandeji (au kaka, samahani), mwanangu wa miaka minne ana vidonda puani na mdomoni, vilianza kama malengelenge madogo, vikapasuka, sasa vina ganda la njano kama asali iliyokauka. Pacha wake ameanza leo kidevuni. Hawana homa, wanacheza. Ni nini hiki na shule inakuwaje?

---

#7 Bandeji

Kaka, mama, lakini hakuna shida.

Kwa ulivyoeleza inafanana sana na impetigo. Ganda la rangi ya asali ndilo alama yake, na kuhamia kwa pacha ndiyo tabia yake. Inakaa juu juu kabisa, kwa kawaida haiachi kovu. Mpeleke aonwe kwa macho, maana malengelenge ya mdomoni yanaweza pia kuwa ya virusi, na hayo dawa yake ni nyingine.

Vikiwa vichache, krimu ya mupirosini mara mbili kwa siku, siku tano. Lainisha ganda kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kwanza, litoke, ndipo upake. Ukipaka juu ya ganda umepaka paa la nyumba. Vikiwa vingi, dawa ya kunywa. Kata kucha, tenga taulo, fua foronya. Shule, wengi husema arudi baada ya saa 24 hadi 48 za dawa au vikikauka vyote.

Mawili ya kuangalia. Kama wanajikuna usiku, hasa katikati ya vidole na kiunoni, tafuta upele (ule wa vijidudu vinavyochimba ngozi). Ukitibu impetigo ukaacha upele, utarudi kwangu mwezi ujao, na upele unatibiwa nyumba nzima siku moja. La pili, wiki kadhaa baadaye ukiona uso umevimba asubuhi au mkojo umekuwa wa kahawia au mwekundu, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Streptokokasi ya ngozi wakati mwingine huacha deni kwenye figo.

---

#8 Darubini

Niko mwaka wa nne wa udaktari, naomba niongeze historia kidogo kabla uzi haujajaa picha za majipu.

Jina stafilokokasi lilitolewa na daktari mpasuaji wa Aberdeen, Alexander Ogston. Mwaka 1880 alitazama usaha kwa hadubini akakuta vijidudu vya mviringo vimeshikana vichala vichala, na 1882 akavipa jina kutoka neno la Kigiriki la kichala cha zabibu. Kabla ya hapo wengi waliamini usaha ni sehemu ya kawaida ya kidonda kupona!

Halafu kuna askari polisi wa Uingereza, Albert Alexander. Februari 1941 alikuwa amelazwa Oxford, maambukizi yaliyoanzia usoni yamemlia mpaka jicho limetolewa. Akawa miongoni mwa wa kwanza kabisa duniani kudungwa penisilini kama tiba. Ndani ya siku moja alianza kupata nafuu, homa ikashuka, akala. Penisilini ikaisha. Walikuwa wanakusanya mkojo wake na kuichuja dawa humo ili wamrudishie. Haikutosha. Alifariki Machi mwaka huo.

Kila mtu akiniambia ameacha dozi siku ya pili kwa sababu "nimepata nafuu" namkumbuka huyo.

---

#9 Kitasa

Kuchuja mkojo! Nimeacha kula.

---

#10 MtuWaUsiku

Samahani kwa kuingilia, naona uzi umenikuta. Nina fangasi za vidole siku nyingi. Jana asubuhi niliamka natetemeka kwa baridi, mchana mguu wa kushoto ukavimba, una joto. Jioni daktari akasema selulaitisi, akanipa sefaleksini. Nimemeza mara tatu. Nimechora mstari kama ulivyosema, na sasa hivi wekundu UMEVUKA mstari kama upana wa vidole viwili. Dawa imegoma? Nibadilishe?

---

#11 Bandeji

Pole sana ndugu yangu. Usibadilishe kitu bado, nijibu kwanza:

Homa ikoje leo kulinganisha na jana? Maumivu yamezidi au ni yale yale? Yanaishia ndani ya mstari au yanakwenda mbali zaidi ya ngozi iliyobadilika? Kuna lengelenge, doa jeusi au la zambarau, sehemu iliyokufa ganzi? Ukibonyeza kuna kitu kinachotatarika chini ya ngozi? Unakojoa? Kichwa kiko sawa?

---

#12 MtuWaUsiku

Homa imeshuka, jana 39.2, leo 37.8. Maumivu nafuu kidogo, nikilala yanatulia. Hakuna lengelenge wala doa, ganzi hakuna, hakitatariki kitu. Mkojo sawa. Kichwa sawa kadiri ya siku zote, mke wangu anaweza kuwa na maoni tofauti.

---

#13 Bandeji

Haya, punguza presha. Wekundu kutambaa kidogo ndani ya saa 24 hadi 48 za mwanzo ni kawaida hata dawa ikifanya kazi, kwa sababu bakteria wanaokufa wanamwaga taka zao na mwili unaendelea kukasirika. Wewe kama mtu umepata nafuu: homa chini, maumivu chini. Hiyo ndiyo ninayoiamini zaidi wakati huu kuliko mstari.

Inua mguu. Simaanishi kwenye kistuli cha sebuleni. Lala, weka mito, kisigino kiwe juu kuliko moyo. Maji ya uvimbe yakishuka, mguu unapoa haraka. Watu wanadharau hili kwa sababu halina risiti.

Kama kesho kutwa hakuna nafuu yoyote, rudi kwa daktari wako. Ila ukiona LOLOTE katika niliyokuuliza, nenda usiku huo huo.

Nieleze kwa nini nimeuliza hayo. Kuna maambukizi yanayopita chini, kwenye utando unaofunika misuli. Kitaalamu ni nekrotaizingi fashaitisi. Yanaua mishipa midogo inayolisha ngozi, kwa hiyo kwa juu unaona kidogo huku chini kunaungua. Ndiyo maana mwanzoni maumivu hayalingani na kinachoonekana. Baadaye neva zinakufa na maumivu YANAPUNGUA, sehemu inakufa ganzi. Watu hufurahi hapo. Si pa kufurahi, kama ngozi inabadilika rangi na mgonjwa anazidi kulegea.

Hayo tiba yake ni chumba cha upasuaji, mara nyingi zaidi ya mara moja, pamoja na dawa za mshipani. Daktari mpasuaji akifungua anakuta nyama inaachana kwa kidole bila kutoa damu, na maji ya kijivu kama ya kuoshea vyombo. Hata penye hospitali nzuri, kati ya wagonjwa watano anaweza kufa mmoja au zaidi. Kinachookoa ni saa.

---

#14 Shuka Jeupe

Nimesoma #13 mara mbili. Naandika kwa uzito.

Kaka yangu alijikwaruza kiwiko kazini. Siku ya pili alilalamika mkono mzima unauma, tukamwambia acha uoga, hakuna hata uvimbe wa maana. Tulimpeleka hospitali moja usiku, wakamtazama, wakampa dawa kali ya maumivu tukarudi. Alilala vizuri kwa sababu ya dawa. Asubuhi mkono ulikuwa na lengelenge la rangi ya zambarau, anaongea maneno yasiyoeleweka, anahema haraka kama aliyepanda ngazi. Walimpasua mara nne. Yupo hai, mkono anao, vidole viwili havikunji.

Nilichojifunza ni maneno ya kusema. Tulifika pale tukasema "mkono unamuuma". Tungesema: "Maumivu haya hayalingani na ngozi tunayoiona, na yameongezeka ndani ya saa sita." Pengine lingesikika tofauti. Sijui. Nalifikiria kila nikimwona anafunga vifungo vya shati.

---

#15 Bandeji

Dada, asante kwa kuandika. Sina la kuongeza zaidi ya kuwaomba wote mnakili ile sentensi yako.

---

#16 Zumari

Miguu yangu yote miwili imekuwa na wekundu wa kahawia kuanzia vifundoni, mwaka wa pili sasa. Inawasha, jioni inavimba. Nimepewa antibaiotiki mara tano. Kila mara naambiwa selulaitisi.

---

#17 Dkt Kimya

Huwa nasoma tu, ila hili linanigusa.

Mzee Zumari, selulaitisi ya miguu yote miwili kwa wakati mmoja ni nadra sana, na ya miaka miwili sijawahi kuiona. Maelezo yako yanafanana na damu kutopanda vizuri kwenye vena za miguu (mishipa inayorudisha damu moyoni): inatuama, inavuja, ngozi inawasha na kubadilika rangi. Dawa yake ni soksi au bandeji za kubana (baada ya kupimwa kama ateri zako, mishipa inayoleta damu mguuni, ni nzima), mafuta ya kulainisha ngozi, kuinua miguu, kutembea.

Hauko peke yako. Utafiti mmoja wa Marekani wa 2017 uliwafuatilia wagonjwa 259 waliolazwa kutoka idara ya dharura na jina la selulaitisi ya mguu; 79 kati yao, asilimia 30.5, hawakuwa nayo.

Vingine vinavyoigiza: damu iliyoganda kwenye vena ya ndani (mguu mmoja, shavu la mguu linauma, hiyo ni dharura nyingine), gauti (jongo), mzio wa kitu kilichogusa ngozi, kung'atwa na mdudu. Kuhusu wadudu, ukiambiwa "umeng'atwa na buibui" na hukumwona buibui, fikiria jipu kwanza.

---

#18 Sukari Nane

Baba ana kisukari, ana kidonda chini ya dole gumba, kina harufu na majimaji. Anasema hakimuumi hata kidogo, kwa hiyo hataki kwenda. Kwa kanuni ya Bandeji ya maumivu, tusubiri?

---

#19 Bandeji

HAPANA. Na nashukuru umeuliza, maana ningewapotosha.

Kanuni ya maumivu inawafaa watu ambao neva zao zinafanya kazi. Kisukari cha muda mrefu kinaua hisia za nyayo. Baba hana maumivu kwa sababu kengele imekatwa waya. Kidonda chenye harufu na majimaji kwenye mguu wa namna hiyo kinaweza kuwa kimefika mfupani. Daktari atajaribu kwa kijiti maalumu, kikigonga mfupa anajua, na ataagiza picha. Atapima na damu ya kwenye mguu kama inafika.

Mpelekeni leo, si wiki ijayo. Mwambieni mzee kwamba kutouma ndiko kunakotutisha. Akishapona, kila jioni anatazama nyayo zake kwa kioo, au wewe unamtazamia. Mwanangu, hiyo ni ibada.

---

#20 Kidole

Majipu yananirudia. Mwaka huu la sita. Mapajani, matakoni, shingoni. Nina laana?

---

#21 Dkt Kimya

Una pua, si laana. Karibu mtu mmoja kati ya watatu anabeba stafilokokasi puani bila kuumwa. Unajigusa pua, unajikuna paja, umempandikiza.

Kwanza pima sukari na VVU, tujue kinga ikoje. Pili, daktari akipasua linalofuata apeleke usaha maabara waoteshe, tujue ni stafilokokasi gani. Yupo sugu anayeitwa MRSA. Methisilini, dawa ya jamii ya penisilini, ilianza kutumika 1959 na kufikia 1961 Uingereza ilisharipoti stafilokokasi wasioisikia. Huyo hasikii dawa za jamii ya penisilini wala sefaleksini, ndiyo maana unaona tunaandika kotrimoksazoli, doksisiklini au klindamisini.

Kisha kusafisha: mupirosini puani mara mbili kwa siku kwa siku tano, kuoga kwa sabuni ya klorheksidini, taulo na shuka zifuliwe kwa maji ya moto, wembe usiazimane. Mkiwa nyumba moja na wengine wana majipu, mfanye wote.

Kama ni kwapani na kinenani tu, miaka nenda rudi, yanaacha makovu yenye vijitundu, useme. Huo ni ugonjwa mwingine kabisa wa uvimbe sugu wa vinyweleo, na kupasua kila mara hakuutibu.

---

#22 MkaaPembeni

Na ile ya kufungua kapsuli na kumwaga unga kwenye kidonda?

---

#23 Bandeji

Kila wiki naokoa vidonda kutoka kwenye unga huo. Unakauka unakuwa saruji, chini yake usaha unalala raha mustarehe. Kipimo hakijulikani, unafundisha bakteria usugu, na ngozi inaweza kupata mzio. Maji safi yanayotiririka na sabuni vinaushinda.

Na zile krimu za kung'arisha au za kutuliza mwasho zenye steroidi: zinafifisha wekundu, bakteria wanaendelea chini kwa chini.

Nimekumbuka: mkiumwa na mbwa au mnyama mwingine, osheni kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika kumi na tano kabla ya simu yoyote, halafu hospitali kwa chanjo ya kichaa cha mbwa na pepopunda. Na ukimpiga mtu ngumi ya meno ukachanika kifundo cha kidole, usione haya kusema ukweli kwa daktari. Mdomo wa binadamu ni mchafu, na kiungo kile kinaweza kujaa usaha ndani ya siku mbili.

---

#24 MtuWaUsiku

Nimerudi, siku ya tano. Homa hakuna tangu juzi. Wekundu umerudi ndani ya mstari, uvimbe umebaki kidogo kifundoni. Daktari amesema siku tano zinatosha, nisiongeze. Ni kweli? Nilizoea kumi. Na nafanyaje isirudi?

---

#25 Dkt Kimya

Ni kweli. Selulaitisi ya kawaida iliyokwisha kutulia, siku tano zinatosha. Isipotulia ndipo tunaongeza. Na tofauti na stafilokokasi, streptokokasi wako huyu hajawahi kuota usugu wa penisilini mpaka leo. Hatuhitaji mizinga mikubwa.

Isirudi: tibu fangasi, hiyo ndiyo mlango wako. Ikirudi mara kwa mara, tunaweza kukupa penisilini kidogo kila siku. Utafiti wa 2013 ulishusha waliorudiwa kutoka asilimia 37 hadi 22 kwa mwaka mmoja wa dawa, lakini kinga ikaisha dawa ilipokoma. Wenye miguu inayovimba daima, bandeji ya kubana ndiyo iliyonishangaza: utafiti wa Australia wa 2020, asilimia 15 walirudiwa dhidi ya 40 wasiobanwa. Bandeji tu!

---

#26 Bandeji

Mmesikia jina langu likitajwa vizuri.

---

#27 MtuWaUsiku

Haha. Swali la mwisho jamani. Ile kalamu niliyochorea mguu ni ya wino wa kudumu. Nimesugua kwa sabuni, kwa spiriti, haitoki. Mke wangu anasema naonekana kama mfuko wa barua.

---

#28 Bandeji

Acha kusugua, utafungua mlango mwingine. Ngozi iliyovimba hivyo hubabuka ikishapoa. Wiki ijayo itaondoka na mstari wako.